Programu huria yangu inazuiwa na ukaguzi wa kompyuta: ninunue cheti, au niwafundishe watu kulipita onyo?

Muulizaji (Wete, Pemba)

Assalamu alaykum ndugu zangu,

Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limenishughulisha tangu msimu wa karafuu ulipoanza. Kwa miaka mitatu sasa, kila nipatapo nafasi baada ya kazi, nimekuwa nikitengeneza programu ndogo ya kompyuta inayomsaidia mwenye shamba, au aliyekodi shamba, kuweka hesabu za wachumaji wake: nani amechuma pishi ngapi leo, amelipwa kiasi gani na bado anadai nini, karafuu mbichi zilizokwenda jamvini zilikuwa kiasi gani, zilipokauka zimetoa kilo ngapi, na makonyo yake yameuzwa lini. Zamani hesabu hizi zilikaa katika daftari, na kila aliyewahi kukaa barazani usiku wa malipo anajua jinsi watu wawili wanaoheshimiana wanavyoweza kubishana mpaka usiku mkubwa juu ya pishi moja iliyofutika kwa jasho la mkono wa msimamizi. Programu nimeiandika kwa lugha ya Python, nimeitoa chini ya leseni ya GPL toleo la 3, inayomruhusu kila mtu kuitumia na kuibadilisha, msimbo wake wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi, na sijamtoza mtu hata senti.

Shida ni kuiingiza katika kompyuta za watu. Mtu akiipakua kutoka ukurasa wangu na kuibonyeza, hutokea bango la buluu linalomwambia kuwa kompyuta imemkinga na programu isiyotambulika, na kitufe anachokiona ni kimoja tu, cha kutoiendesha. Kitufe cha kuiruhusu hakionekani mpaka abonyeze kwanza maandishi madogo ya maelezo zaidi, na mtu mzima asiyeijua kompyuta hafiki huko. Mwezi uliopita mzee mmoja wa upande wa Mtambwe, ambaye ndiye aliyenieleza tangu mwanzo namna hesabu za shamba zinavyokwenda, alinipigia simu kwa unyonge akaniuliza, "Mwanangu, mbona umeniletea virusi?" Nilimweleza, akanisikiliza kwa adabu zake zote, kisha akarudi katika daftari lake. Mtu wa pili yalimfika makubwa zaidi: kinga ya virusi iliyokuwamo katika kompyuta yake ililiondoa faili la programu bila ya kumuuliza, siku moja kabla ya malipo, na ingawa hesabu zake zilikuwa salama katika faili jengine, ilinibidi nipande gari mpaka Konde usiku ule ule kwenda kumfungulia.

Jambo ambalo sikulielewa ni kwamba wale niliowapa kwa flashi, mkono kwa mkono, hawakuona onyo lolote. Faili ni lile lile.

Nimeambiwa kuwa nikinunua cheti cha kutia saini ya kidijitali onyo litaondoka, lakini bei yake ni mamia ya dola kwa mwaka, kwa programu isiyoingiza chochote. Njia nyengine ni kuandika maelezo yenye picha yanayowafundisha watu namna ya kulipita onyo, na nakiri kwamba njia hii inanitia hofu kuliko ile ya kwanza. Nyinyi wenye uzoefu mngefanya nini?

Fundi wa Darajani (Mjini, Unguja)

Wa alaykum salaam ndugu yangu wa Wete, na hongera kwa kazi hiyo.

Naanza na hilo la flashi, kwa sababu ndani yake mna jibu la mengine. Mtu anapopakua faili kwa kivinjari katika Windows, kivinjari huliambatishia faili hilo alama ndogo isiyoonekana, iitwayo Zone.Identifier, inayosema kwamba limetoka intaneti. Alama hiyo huhifadhiwa pembeni ya faili, na inaweza kukaa tu pale ambapo diski imepangwa kwa mfumo wa NTFS. Flashi nyingi zinazouzwa hapa zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazina pahala pa kuiweka, kwa hiyo faili likinakiliwa kwenye flashi alama hubaki nyuma. Mlinzi aitwaye SmartScreen, ndiye mwenye bango lile la buluu, ambaye tangu Windows 8 ya mwaka 2012 amewekwa ndani ya mfumo endeshi wenyewe badala ya kuwa ndani ya kivinjari peke yake, huuliza maswali yake anapoiona alama ile, na asipoiona hunyamaza. Ndiyo maana faili lako lililotoka katika ukurasa wako wa wazi, ambao kila mtu anaweza kuukagua, linasimamishwa, na lile lililozunguka kwa flashi kutoka mkono hadi mkono linapita. Mimi ninayetengeneza kompyuta za watu kila siku naweza kukuambia kwamba katika visiwa hivi flashi ndiyo njia iliyoleta maradhi mengi zaidi ya kompyuta kuliko njia nyengine yoyote niliyoishuhudia.

Elewa pia kwamba SmartScreen haikusema kuwa programu yako ni mbaya. Imesema haijulikani. Huangalia kama faili hilo hasa, kwa hashi yake (mfululizo wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka faili zima), limekwishapakuliwa na watu wengi bila ya madhara, na kama aliyelitia saini ana sifa njema. Wewe huna saini, na kila unapotoa toleo jipya, hata ukirekebisha neno moja lililokosewa, hashi hubadilika na sifa huanza tena kutoka sifuri. Programu ya mamilioni ya watu hupata sifa kwa siku moja. Programu ya wenye mashamba mia moja wa Pemba inaweza isiipate kabisa, kwa sababu idadi ya wanaoihitaji ndiyo hiyo hiyo.

Kinga ya virusi kufuta faili ni jambo jengine. Nadhani umefungasha programu kwa PyInstaller, kile kifungashio cha programu za Python, ili iwe faili moja. Waandishi wa virusi nao wanakipenda kifungashio hicho, na kwa kuwa kipande chake cha kuanzishia ni kile kile kwa kila mtu, kinga nyingi huliona faili lako kuwa limefanana na maovu waliyokwisha kuyakamata. Fungasha kwa mtindo wa folda badala ya faili moja linalojifungua lenyewe, na ukiweza ukijenge kile kipande cha kuanzishia upya katika kompyuta yako mwenyewe. Kisha uwapelekee watengenezaji wa kinga faili lako walipitie. Microsoft na wengi wa wenzao wana ukurasa wa kupokea malalamiko ya namna hiyo.

Juu ya kuwafundisha watu kulipita onyo, nakuomba kwa dhati usifanye. Hapa dukani huletewa kompyuta ambazo picha za harusi, barua za ofisi na kazi za skuli zimefungwa zote kwa ufunguo ambao mwenyewe hana, na nikimuuliza ilikuwaje, mara nyingi hadithi ni moja: alitafuta programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, akaambiwa kwamba ni ya bure, na hatua ya kwanza ya maelezo ilikuwa azime kinga. Sisi tunajua kwamba programu huria na programu iliyoibiwa ni vitu viwili mbalimbali, lakini katika mitaa yetu zote mbili huitwa za bure. Ukimwambia yule mzee wa Mtambwe abonyeze "endesha hata hivyo" kwa sababu wewe ni mtu mwema, kesho atakapoambiwa maneno yale yale na mtu muovu hatakuwa na cha kumtambulishia.

Mkulima wa mwani (Paje, Unguja)

Assalamu alaykum. Mimi naandika kwa sababu programu hiyo naijua, na kaka wa Wete hajui kuwa ninaitumia.

Mwaka jana niliuchukua msimbo wake nikaugeuza uwe wa mwani. Tuko wanawake kumi na nane katika kikundi, kila mmoja ana kamba zake, na mnunuzi anapokuja kupima, kilo za kila mtu zinatakiwa ziandikwe mbali, spinosum na cottonii, zile aina mbili za mwani, bei zake zikiwa mbalimbali. Nilibadilisha pishi ikawa kilo, jamvi ikawa uchanja, mchumaji akawa mwenye shamba la baharini, na mahesabu ya ukaushaji nikayapunguza kwa sababu mwani hupoteza uzito wake mwengi sana. Sikumuomba ruhusa mtu, kwa kuwa leseni ilikwisha nipa. Kusoma ule msimbo na kuugeuza ndiko kulikonifundisha kuandika programu, na kwa hilo nimshukuru hapa mbele ya watu.

Sasa naomba tulitazame jambo kutoka upande wangu. Tuseme kaka amepata cheti na saini, na programu yake ya karafuu inafunguka bila ya bango. Saini hufungamana na faili kama lilivyo, na herufi moja ikibadilika saini huvunjika. Kwa hiyo mimi niliyeibadilisha nitakuwa sina saini, na wenzangu wa kikundi wataona onyo lile lile aliloliona mzee wa Mtambwe, tena labda watanitilia shaka zaidi kwa kuwa ya kaka haina onyo na yangu inalo. Uhuru wa kuibadilisha programu ninao katika karatasi, lakini matunda yake kompyuta inayahesabu kama kitu cha kutiliwa mashaka. Wenzetu walioiandika GPL toleo la 3 mwaka 2007 walilijua jambo linalofanana na hili, wakaweka sharti kwamba anayemuuzia mtu chombo cha nyumbani chenye programu yao ndani lazima ampe pia maelezo na funguo za kumwezesha kuweka toleo alilolibadilisha. Sharti hilo linawabana wauzaji wa vyombo. Mtu kama mimi, ambaye kompyuta yake inamkubalia baada ya kumtisha kwanza, haliwezi kumsaidia kitu.

Upande wa simu nilikuwa na matumaini zaidi. Katika Android kila programu lazima iwe na saini, lakini kwa miaka yote saini hiyo mtu alijitengenezea mwenyewe bila ya kulipa na bila ya kueleza yeye ni nani. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba toleo la leo limetoka kwa yule yule aliyetoa la jana. Nilipotengeneza ya simu niliipa jina jengine la ndani na ufunguo wangu mwenyewe, na haikugombana na ya mtu. Lakini mwezi wa Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu zilizoidhinishwa nayo zitakubali tu programu za waandishi waliojitambulisha kwake, kuanzia Septemba 2026 katika Brazili, Indonesia, Singapuri na Thailandi, na nchi nyengine kuanzia 2027. F-Droid, lile ghala la programu huria lililoanza mwaka 2010, walieleza waziwazi kwamba mpango huo unautishia utaratibu wao mzima, kwa sababu wao hujenga programu kutoka katika msimbo wa watu wengi wasiowajua kwa vitambulisho. Baada ya malalamiko Google ilisema, Novemba mwaka ule ule, kwamba itaacha njia kwa watumiaji wenye uzoefu. Wanawake kumi na nane wa kikundi chetu ni wazoefu wa bahari, na sidhani kwamba wao ndio waliokusudiwa.

Mtunza vifurushi (Chake Chake, Pemba)

Nimesoma yote kwa makini, na nadhani kila mmoja ana haki yake katika alichosema. Mimi nimeshughulika kwa muda na kufungasha programu huria kwa ajili ya mfumo endeshi wa Linux, na kabla ya hapo nilikuwa nikisimamia maabara ya kompyuta ya skuli, kwa hiyo niruhusuni niingie katika yale yanayoweza kutendeka.

Kwanza cheti. Ndugu wa Wete, usikinunue. Bei ni sehemu moja tu ya mzigo. Tangu tarehe 1 Juni 2023, kwa kanuni walizojiwekea watoaji wa vyeti na waunda vivinjari, ufunguo wa siri wa cheti cha kutia saini programu hauruhusiwi kukaa katika faili la kawaida. Lazima uwe ndani ya kifaa maalumu kisichoweza kunakiliwa, au katika huduma ya mbali inayotumia kifaa cha namna hiyo. Kwa hiyo mtu wa Pemba atalipa cheti, atathibitisha utambulisho wake kwa wageni, kisha angoje kifaa kisafirishwe mpaka kimfikie, au alipie huduma ya mbali juu ya hayo. Na baada ya yote hayo, onyo linaweza kuendelea kuonekana kwa muda, kwa sababu saini mpya nayo huanza bila ya sifa. Zamani cheti cha daraja la juu, kile cha uthibitisho wa ziada, kilikuwa kikiipita SmartScreen mara moja. Tangu 2024 Microsoft imekiondolea upendeleo huo.

Ipo njia isiyo ya malipo. Taasisi iitwayo SignPath Foundation hutia saini programu huria kwa cheti chake yenyewe, kwa sharti kwamba leseni iwe miongoni mwa zinazotambulika, msimbo uwe wazi, na faili lijengwe na mashine ya kujengea (inayougeuza msimbo kuwa faili la kuendeshwa) inayoonekana na kila mtu, lisiwe limetoka kimyakimya katika kompyuta ya mwandishi. Jina litakaloonekana katika saini ni la taasisi, si lako. Sharti la mwisho ndilo linalonipendeza zaidi, maana linathibitisha kitu ambacho cheti cha kununua hakikithibitishi, nacho ni kwamba faili hili limetoka katika msimbo ule. Pia programu inayopitia katika duka la Microsoft kwa kifurushi cha MSIX hutiwa saini na duka lenyewe, ingawa huko utakuwa umeingia katika nyumba ya mtu na sheria zake. Mtakumbuka kwamba VLC, programu huria ya kuchezea video, iliondolewa katika duka la Apple mwezi wa Januari 2011 kwa sababu masharti ya duka yaligongana na GPL.

Mtu akikwambia kwamba saini ni kinga ya kweli, mueleze kisa cha Transmission, programu huria ya kupakulia mafaili katika Mac. Mwezi wa Machi 2016 watu waliingia katika tovuti yake wakabadilisha faili la toleo la 2.90 kwa lao lililobeba KeRanger, programu ya kufunga mafaili na kudai fidia. Faili lile lilikuwa na saini halali ya mwandishi aliyesajiliwa na Apple, isiyokuwa ya Transmission wenyewe, na mlinzi wa Mac aitwaye Gatekeeper akalipitisha. Apple ilikifuta cheti kile baadaye, na hiyo ndiyo faida kubwa ya mfumo wa vyeti: ubaya ukijulikana unaweza kuzimwa kwa wote kwa pamoja. Lakini mlinzi aliulizwa kama mgeni ana karatasi, naye akajibu kwamba anayo. Na msimbo kuwa wazi nao peke yake hautoshi. Mwezi wa Machi 2024 Andres Freund, akichunguza kwa nini kuingia katika kompyuta yake kwa SSH (njia ya kuingia kwa mbali) kunachelewa kwa nusu sekunde hivi, aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili, uliowekwa na mtu aliyejipatia imani ya mradi ule kwa muda wa zaidi ya miaka miwili. Sehemu ya hila ile ilikuwa katika kifurushi kilichotolewa kwa watu, na haikuwamo katika msimbo uliokuwa ukionekana hadharani. Kwa sababu hiyo nasisitiza ile mashine ya kujengea ya wazi.

Kwa watumiaji wa Mac hali ni ngumu zaidi. Usajili wa Apple ni dola 99 kwa mwaka. Tangu Catalina, toleo la mfumo wa Mac la 2019, programu inayosambazwa nje ya duka inatakiwa ipelekwe kwanza kwa Apple ikapekuliwe na mashine zao, na tangu Sequoia ya 2024 ile njia ya mkato ya kuifungua kwa kitufe cha Control imeondolewa, mtu anatakiwa aingie mpaka katika mipangilio ya usalama. Wale waliopita katika kazi za ramani hapa Zanzibar wanaijua QGIS, programu huria ya kuchorea ramani, nao watakumbuka kwamba hata mradi mkubwa kama ule, baada ya Catalina, ulilazimika kuandika katika ukurasa wake wa kupakulia maelekezo ya namna ya kulipita onyo.

Na lipo la mtandao. Tarehe 12 Novemba 2020 kompyuta za Mac duniani kote zilichelewa kufungua programu ambazo zilikuwa tayari zimo ndani yake, kwa sababu seva ya Apple inayoulizwa kama cheti bado ni halali ilielemewa. SmartScreen nayo, mtandao usipokuwapo, humwambia mtu kuwa haifikiki na kumuachia uamuzi. Siku zile za Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, sote tuliona ni mambo mangapi yanayosimama kwa kutegemea jibu la mbali. Ukaguzi unaotegemea seva ya ng'ambo haukutengenezwa kwa kumfikiria mtu wa Micheweni anayehesabu pishi chini ya mkarafuu.

Dada wa Paje, kwa tatizo lako nina jibu la nusu tu. Mabadiliko yako yarudishe katika mradi wenyewe, programu iwe moja yenye uchaguzi wa karafuu au mwani, ili saini moja iwafunike nyote. Nasema ni nusu kwa sababu najua kwamba uhuru wa kubadilisha haukukusudiwa uwe wa wale tu wanaokubaliwa na mradi mkuu.

Muulizaji (Wete, Pemba)

Ahsanteni sana, na dada wa Paje umenipa furaha ambayo sikuitarajia leo. Sikujua kabisa kwamba programu imevuka bahari. Jibu la mtunza vifurushi nimelifanyia kazi siku mbili hizi: nimehamisha ujenzi wa faili kwenda kwenye mashine ya wazi, nimefungasha kwa mtindo wa folda kama alivyosema fundi, na maombi ya saini nimeyaandika. Dada, mlango uko wazi, na jina lako litaandikwa pamoja na langu ukiridhia. Uchanja na jamvi vitakaa katika programu moja.

Swali langu linalobaki ni la wakati huu wa kungojea. Msimu haungoji. Nilifikiria niweke hashi ya faili katika ukurasa, na nikiwa na mtu kwa simu nimsomee herufi sita za mwanzo azilinganishe. Inatosha?

Fundi wa Darajani (Mjini, Unguja)

Hashi ni wazo zuri, lakini herufi sita hazitoshi. Kupata faili jengine lenye hashi nzima ya SHA-256 (njia mojawapo ya kukokotoa hashi) inayolingana na yako ni jambo lisilowezekana kwa uwezo wa kompyuta za leo, ilhali kupata faili ambalo herufi zake sita za mwanzo zinalingana ni kazi ya muda mfupi kwa kompyuta ya kawaida, kwa kujaribu mabadiliko madogo madogo mpaka ioane. Alinganishe herufi zote 64. Katika Windows amri ni certutil -hashfile, ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, na haihitaji kusakinisha kitu. Jambo la pili, hashi isikae katika ukurasa ule ule tu linakopakuliwa faili, kwa sababu anayeweza kubadilisha faili anaweza kubadilisha na hashi iliyo kando yake. Ipeleke kwa njia nyengine, kwa mkono wako au kwa sauti yako.

Na ukimpa mtu kwa flashi mlinganishie vile vile, tena hapo zaidi, kwa kuwa hapo kompyuta haitamuuliza kitu.

Muulizaji (Wete, Pemba)

Nimefanya hivi. Nimechapisha karatasi ndogo, hashi ikiwa imegawika mafungu kumi na sita ya herufi nne nne, mafungu manne kila mstari, kwa maandishi makubwa. Chini yake nimeandika jina la toleo na tarehe, na kwamba bango la buluu litaonekana mpaka saini ipatikane, na kwamba mtu asilipite kwa programu yoyote ambayo hana karatasi ya namna hii kutoka mkononi mwa mtu anayemjua. Nimeanza na mzee wa Mtambwe. Nilikwenda kwake baada ya Alasiri, tukakaa barazani, mjukuu wake wa darasa la sita akaandika ile amri, kisha mimi nikawa nasoma karatasi na yeye anasoma kwenye kioo, fungu baada ya fungu. Tulipofika fungu la kumi na moja mzee alinisimamisha akasema kijana amesoma "d" na mimi nimesema "b". Tulirudia, ikawa ni mimi niliyekosea kusoma. Yalipotimia yote kumi na sita aliichukua karatasi akaibandika kwa gundi ndani ya jalada la daftari lake la zamani.

Amesema hesabu za juma hili ataziweka kote kuwili, kwenye daftari na kwenye kompyuta, na Ijumaa baada ya sala tutazilinganisha. Jibu la maombi ya saini likifika nitaliandika hapa hapa, pamoja na masharti waliyonipa, ili atakayefuata asianze mwanzo.